Si kila 'uncle' ni mjomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu neno moja la Kiingereza, 'uncle', na namna waandishi wako wanavyoligeuza. Kila 'uncle' anayepita mikononi mwao hutoka 'mjomba'. Mtoto kalelewa na mjomba, mfanyabiashara kadhulumiwa na mjomba, mchezaji kafundishwa mpira na mjomba. Ukisoma gazeti wiki nzima utadhani akina baba wote wa dunia hii walizaliwa peke yao, hawana kaka wala mdogo wa kiume.

Mimi nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari. Kinacholeta hela dukani kuliko fotokopi ni kuchapa: kadi za harusi, wasifu wa marehemu, na mihtasari ya vikao vya ukoo ambayo watu huipeleka Mahakama ya Mwanzo wanapofungua mirathi. Hapo ndipo 'uncle' hunitoa jasho. Juzi kijana amekuja na muhtasari kwenye simu, kafiwa na baba yake. Kwenye orodha ya waliohudhuria, safu ya uhusiano na marehemu, kaandika 'uncle wa Muheza', 'uncle wa Dar', 'uncle mkubwa'.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu uncle wa Muheza ni nani kwa marehemu?"

"Ni uncle tu, anti."

"Kaka wa baba au kaka wa mama?"

"Wa mama."

Basi huyo ni mjomba wa kijana, na kwa marehemu ni shemeji. Uncle wa Dar alikuwa mdogo wake marehemu, tumbo moja. Uncle mkubwa akawa mume wa shangazi, yaani shemeji mwingine. Watu watatu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa 'uncle' wa marehemu. Karatasi ile ingefika mbele ya hakimu jinsi ilivyokuwa, ingerudi. (Nami kuitwa 'anti' nilikumeza kimyakimya, maana mteja ni mteja.)

Simlaumu kijana, wala silaumu Kiingereza. Waingereza wa kale walikuwa kama sisi: kaka wa baba walimwita 'fædera', kaka wa mama 'eam'. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na Kifaransa chao, na baada ya muda 'uncle' likameza yote mawili. Linalochekesha ni kwamba 'uncle' lenyewe lina asili ya Kilatini, 'avunculus', na Warumi walimwita hivyo kaka wa mama tu. Kaka wa baba alikuwa 'patruus'. Kwa hiyo hapo mwanzo kabisa 'uncle' alikuwa mjomba kwelikweli! Ila Mwingereza wa leo akisema 'uncle' anaweza kuwa anamtaja kaka wa baba, kaka wa mama, mume wa shangazi, mume wa mama mdogo, au rafiki wa baba anayekuja Jumapili na peremende. Akitaka kupambanua inabidi aongeze neno la pembeni, kwamba huyu wa upande wa baba, huyu wa upande wa mama, na mara nyingi haongezi. Sisi tunao ami, baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, kila mmoja kwenye kiti chake.

Chukua habari za jumba la kifalme la Uingereza, ambazo magazeti yetu hayachoki kuzitafsiri. William na Harry wana 'uncle' Andrew na wana 'uncle' Charles Spencer. Andrew alizaliwa 1960, ni mdogo wa Mfalme Charles aliyezaliwa 1948. Huyo ni baba yao mdogo, ukipenda ami. Spencer ni kaka wa marehemu Diana. Huyo ndiye mjomba. Wanaokumbuka mazishi ya Septemba 1997 pale Westminster Abbey watakumbuka kwamba Spencer alisimama mbele ya ukoo mzima wa kifalme akamwahidi dada yake kuwa upande wa mama hautawaacha wale watoto wawili. Msomaji wa Kiswahili akijua kwamba anayesema ni mjomba, haihitaji maelezo mengine. Ukishamwita na Andrew mjomba, umemnyang'anya msomaji utamu wote wa habari.

Na kwetu jambo hili si la utamu tu. Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafii, ambamo binti aliyefiwa na baba huozeshwa na babu mzaa baba, babu asipokuwepo ni kaka, kisha watoto wa kaka, ndipo zamu imfikie ami. Mjomba hayumo katika mstari huo, labda walii, yaani mwenye haki ya kuozesha, ampe uwakala. Ukiandika kwamba 'mjomba ndiye aliyemwozesha', kuna wasomaji watakaohoji ndoa yenyewe. Nenda sasa Uluguruni, au kusini kwa Wamakonde na Wamwera, ambako kwa jadi mtoto huhesabiwa ukoo wa mamake. Huko mjomba ana sauti juu ya wapwa zake ambayo pengine baba mzazi hana. Ukisema mjomba kamfukuza kijana shambani, umetaja jambo zito. Kama aliyemfukuza ni baba mdogo, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Najua jibu la chumba cha habari: nafasi ni finyu, kichwa cha habari hakibebi 'baba mdogo'. Ami ni herufi tatu, Mhariri. Mjomba ni sita. Na vijana wa Dar wana 'bamdogo' na 'bamkubwa', maneno ambayo mie siyachukii hata kidogo, ingawa kwenye muhtasari wa mahakama siyachapi.

Konda akiniambia 'anko kaa na anti hapo nyuma' sina neno, hiyo ni lugha ya daladala na kila mtu anaielewa. Wala Mjomba Sam simgusi, ingawa sijui nani alikaa akaamua kwamba Marekani ni ndugu yetu wa upande wa mama.

Ninachoomba ni hiki. Mwandishi anayehoji watu hapa nchini aulize, "Kaka wa baba au wa mama?" Swali hilo halimalizi hata kifurushi cha dakika moja. Anayetafsiri habari ya nje atazame majina na ukoo. Na pale ambapo habari yenyewe haisemi, aandike 'ndugu wa mzazi wake' au 'jamaa yake wa karibu' badala ya kubahatisha. Na wakimaliza hapo wamtazame na 'aunt', kwa sababu mwezi uliopita nimesoma kwenu habari ya msichana na 'shangazi yake, mdogo wa mama yake'. Mdogo wa mama ni mama mdogo.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga