Kaa si neno moja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno «kaa», kwani nimewasikia walimu wakiwaambia wanafunzi kuwa ni neno moja lenye maana nyingi, jambo lisilo sahihi. Mguu wa mtu na mguu wa meza ni neno moja lililopanuka maana. Lakini anayesema «kaa amekaa karibu na kaa la moto» ametumia maneno matatu yasiyohusiana, kila moja likiwa na mzizi wake wa Kibantu, ambayo yote yalipoteza sauti «l» katika Kiswahili, kama yalivyoipoteza «njaa» na «mvua», ambayo kwa Kichewa hadi leo ni «njala» na «mvula». Kwa Kilingala makaa bado huitwa «makala» (si makala ya gazetini, yaliyotoka katika Kiarabu).

Sarufi nayo inashuhudia: kaa huyu, wingi kaa hawa, kaa hili, wingi makaa haya. Ndiyo maana kamusi huyapa vidahizo (yaani maingizo, maneno yanayofafanuliwa) tofauti vyenye nambari, na nawaomba sana walimu wawafungulie wanafunzi ukurasa huo, wausome pamoja.

Msomaji wako