Watoto wameenda, sasa nataka KCSE yangu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Umoja, na kitinda mimba wangu alihamia Mombasa juzi akaanza kazi, sasa nyumba imebaki na mimi tu. Jioni mkono bado unapima unga wa watu watano, nasonga, halafu naona ugali umejaa sahani na hakuna wa kuula.

Kila mtu ana ushauri. Dada zangu wanasema nirudi ushago nifuge kuku, wenzangu wa chama wanasema ningoje wajukuu, na binti yangu mkubwa, ambaye nampenda sana, ashaanza kuniuliza kama naweza kuhamia kwake Kitengela nimlelee mtoto. Hakuna hata mmoja ameuliza mimi nataka nini.

Nataka kumaliza shule, nifanye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari. Nilikuwa kwa ile darasa ya kwanza kabisa kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 1985, nikaenda sekondari na kidato cha pili nikarudishwa nyumbani, karo haikuwepo na iliyopatikana ikaenda kwa kaka zangu. Wenzangu walipofanya KCSE ya kwanza 1989 mimi tayari nilikuwa na mtoto mgongoni. Hawa wanne nimewasomesha na mitumba ya Gikomba mpaka wote wakamaliza, na si kidogo, na sioni kwa nini pesa ya mitumba isinilipie mimi pia mtihani. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, na mimi hata 60 sijafika.

Shida ni kwamba 8-4-4, mfumo wa elimu wenye mitihani hiyo, inaisha. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho 2023 watafanya KCSE 2027, na sisi watu wazima tulioachia katikati tuko wengi sana mitaani huku, wengi wetu akina mama. Wizara ya Elimu ituambie waziwazi, kwa Kiswahili, kwa redio na magazeti, njia yetu baada ya hapo itakuwa gani, tena mapema ndio mtu ajipange.

Halafu hayo madarasa ya ngumbaru, ya watu wazima. Niliyoulizia huku kwetu ni ya mchana, sasa mtu wa kibanda atafunga biashara aende saa nane kweli? Shule za umma ziko karibu kila mtaa, ikifika jioni madarasa yamefungwa na kufuli, na walimu wasio na ajira tunaishi nao ploti moja. Tufunguliwe kuanzia saa kumi na mbili unusu mpaka saa mbili unusu, tutalipa kitu kidogo ya stima na ya mwalimu.

Binti yangu akisoma hii ajue mjukuu nitakuja kumbeba wikendi.

Mama wa Umoja,
Nairobi