Nywele za mgonjwa si cheti cha daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie habari mliyoichapisha katika toleo la mwisho wa wiki, iliyokuwa na picha mbili kubwa za Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, ambaye wengi wetu bado tunamwita Kate Middleton. Picha ya kwanza ilimwonyesha akiwa na nywele za rangi ya kahawia tuliyoizoea, na ya pili ilimwonyesha Septemba 2025, alipotembelea bustani za Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London, nywele zikiwa zimeng'aa kuelekea rangi ya dhahabu. Chini yake mliuliza kwa herufi nene: "Nywele zake au wigi?", kisha mkawaalika wasomaji watume majibu yao.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia nikiwahudumia wagonjwa wa saratani. Sikukusudia kuwa wakili wa familia ya kifalme, kwa kuwa wao wana wasemaji wao na fedha za kuwalipa. Kilichonifanya nishike kalamu ni dhana iliyobebwa na swali lenu, kwamba mtu akitazama nywele za mgonjwa wa saratani anaweza kujua kama kweli aliugua, kama kweli alitibiwa na kama kweli amepona. Dhana hiyo si sahihi, nami nimeona madhara yake kwa wanawake ambao hawajawahi kupigwa picha na mwandishi wa habari yeyote.

Niyakumbushe kwanza mambo yanayojulikana. Januari 2024 ilitangazwa kwamba Catherine amefanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali binafsi jijini London na kwamba hangerejea katika shughuli za hadhara kabla ya Pasaka. Machi 22 mwaka huohuo alijitokeza kwa video na kueleza kwamba vipimo vilivyofanywa baada ya upasuaji vilionyesha kuwa saratani ilikuwepo, na kwamba madaktari walimshauri apate tibakemia ya kuzuia isirudi. Septemba 2024 alisema amemaliza tibakemia hiyo, na Januari 2025, siku alipoitembelea hospitali ya Royal Marsden, alieleza kwamba saratani imetulia. Ni saratani ya kiungo gani na alipewa dawa zipi, hakusema, na hajawahi kusema.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tibakemia, au kemo kama wagonjwa wetu wanavyoiita, ni jina la pamoja la dawa nyingi zinazotofautiana kama zinavyotofautiana dawa za malaria na dawa za kifua kikuu. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa seli zilizo kwenye shina la nywele nazo hugawanyika kwa kasi, baadhi ya dawa huzikumba pia. Mgonjwa anayetiwa doksorubisini au paklitakseli, kwa mfano, kwa kawaida huanza kuona nywele zikibaki kwenye mto na kwenye kitana wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, na mara nyingi hunyonyoka zote, wakati mwingine pamoja na nyusi na kope. Mwenzake wa kitanda cha pili, anayetiwa fluorourasili, anaweza kumaliza mizunguko yake yote akiwa amepungukiwa kidogo tu, kiasi ambacho jirani hawezi kukitambua. Mionzi nayo huondoa nywele pale tu inapoelekezwa, hivyo mtu aliyepigwa mionzi ya nyonga hapotezi nywele za kichwani kwa sababu ya mionzi hiyo. Tena ziko hospitali zinazotumia kofia maalumu ya kupoza ngozi ya kichwa wakati dawa inaingia mwilini, ili mishipa ya damu isinyae na dawa ifike kidogo kwenye mashina ya nywele. Kwa wengine kofia hiyo husaidia sana, kwa wengine haisaidii kabisa.

Sasa tazama wasomaji wako walivyohukumu. Juni na Julai 2024, Catherine alipoonekana kwenye gwaride la kuzaliwa kwa Mfalme na kisha kwenye fainali ya tenisi ya Wimbledon akiwa na nywele ndefu ilhali tiba ilikuwa ikiendelea, wako waliosema kwamba hakuna saratani pale, tumedanganywa. Mwaka mmoja baadaye zilipobadilika rangi, ikasemwa kwamba hilo ni wigi, na kwamba kama ni wigi basi hali ni mbaya kuliko tulivyoambiwa. Mmoja wa wasomaji mliowachapisha alipiga hata hesabu: nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, tiba iliisha Septemba 2024, kwa hiyo nywele zilizopita mabega haziwezi kuwa zake. Hesabu yenyewe ni sahihi na ningempa alama zote, isipokuwa ameanza na jambo ambalo hakulithibitisha, yaani kwamba nywele zilinyonyoka. Hakuna aliyewahi kutangaza hivyo. Mwanamke anaweza pia kwenda saluni akabadilisha rangi ya nywele kwa sababu amechoka na ile ya zamani, jambo ambalo dada zetu na binti zetu hulifanya kila sikukuu bila kuitiwa daktari.

Katika mtindo huu wa kufikiri hakuna mgonjwa anayeweza kushinda. Akibaki na nywele, ni mwongo. Akivaa wigi, anaficha kitu. Akitoka na kipara, anatafuta kuhurumiwa. Mtengeneza nywele Sam McKnight, aliyewahi kumhudumia marehemu Diana, alijitokeza wakati ule akawakemea waliokuwa wakimsema Catherine vibaya, akikumbusha kwamba nywele kwa mwanamke ni jambo la ndani sana. Nashukuru alisema, ingawa nilisikitika kwamba ilibidi mtu wa saluni aseme jambo ambalo sisi watu wa hospitali tulipaswa kulisema mapema na kwa sauti kubwa.

Nieleze madhara niliyoyataja. Nilipokuwa wodini, swali ambalo wagonjwa wapya waliniuliza kwa kunong'ona kuliko jingine lolote halikuhusu kufa. Waliuliza, "Dada, nywele zitanyonyoka lini?" Nakumbuka mama mmoja wa makamo ambaye alikwishapata mizunguko mitatu ya dawa na nywele zake zilikuwa palepale. Badala ya kufurahi, alikuwa akilia usiku. Nilipomdadisi, alisema watu wa nyumbani wamemwambia kwamba kemo ya kweli hunyonyoa nywele, kwa hiyo yeye ama anapewa maji matupu, ama dawa imekataa kufanya kazi mwilini mwake, na mume wake ameanza kuuliza fedha zinakwenda wapi. Ilinichukua jioni nzima, pamoja na msaada wa daktari, kumwelewesha kwamba kunyonyoka au kutonyonyoka kwa nywele hakupimi kama dawa inaifikia saratani. Mwingine, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliondoka wodini siku moja kabla ya dozi ya kwanza kwa sababu harusi yake ilikuwa imekaribia na hakutaka kuvikwa shela juu ya kichwa kitupu. Huyo sikumwona tena, na sijui yaliyompata.

Hata nyumbani kwangu yaliingia. Mdogo wangu alitibiwa saratani ya titi, na nywele zake zilinyonyoka wiki ya tatu kama tulivyotarajia. Mtaani, waliomwona amekonda na kujifunga kilemba hadi kwenye paji la uso hawakufikiria saratani, walisema amekanyaga miwaya, yaani ameambukizwa Ukimwi. Baadaye nywele zilipoota tena, zile zilizokuwa za kipilipili zilirudi laini kama za mtoto mchanga, jambo ambalo hutokea na ambalo halidumu kwa kila mtu. Basi walewale waliomzika akiwa hai wakaja kumuuliza anatumia dawa gani ya nywele, na mmoja akataka aagiziwe chupa. Mdogo wangu ana ucheshi, alimtajia bei.

Najua utanijibu, Mhariri, kwamba Catherine ni mtu wa hadhara, anayeishi kwa heshima na fedha za umma wa Waingereza, na kwamba ikulu yenyewe ilichochea minong'ono. Hilo la pili nakubaliana nalo. Picha ya familia iliyotolewa Machi 10, 2024, Siku ya Akina Mama kule Uingereza, ilikuwa imehaririwa kiasi kwamba mashirika makubwa ya habari, yakiwemo AP, Reuters na AFP, yaliwaagiza wateja wao waiondoe, na kesho yake Catherine aliomba radhi kwa mkanganyiko uliotokea. Nami nikiri kwamba siku ile niliikuza picha hiyo kwa vidole kwenye simu yangu nikitafuta ule mkono wa nguo wa mtoto uliosemwa haukukaa sawa, na niliuona. Udadisi ni wa binadamu, na aliyekupa picha ya kutiliwa shaka hawezi kukulaumu kwa kutilia shaka picha. Lakini kutoka kwenye swali la kama picha imechezewa, ambalo ni swali halali la kihabari, hadi swali la kuna nini chini ya nywele za mgonjwa, umbali ni mkubwa, na ulivukwa katika siku chache tu. Mwezi uleule mamlaka ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa ilithibitisha kwamba imepokea ripoti inayohusu madai ya jaribio la mtumishi wa hospitali kufungua faili la mgonjwa huyo. Sisi tulioapa kutunza siri za wagonjwa tulilisoma hilo kwa aibu, kwa maana faili hufunguliwa pale ambapo nje kuna soko la kilichomo. Hata sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na sioni kwa nini nyeti hiyo iyeyuke kwa sababu mwenyewe anapungia watu mkono kutoka kwenye roshani.

Kuna mfano mwingine ambao ulitakiwa kutufunza. Aprili 2020 mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aliweka video mtandaoni akiwa amekonda sana, na maoni ya watu yakamiminika, wengine wakiuliza anatumia nini, wengine wakifanya mzaha. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, Agosti 28, familia yake ikatangaza kwamba amefariki dunia kwa saratani ya utumbo mpana aliyogundulika kuwa nayo mwaka 2016, na kwamba katika miaka hiyo yote alikuwa akifanya kazi huku akipitia upasuaji na tibakemia. Waliocheka wakafuta maneno yao. Nakumbuka magazeti mengi yaliandika wakati huo kwamba hatutarudia.

Yapo ambayo gazeti lingeweza kuyauliza kuhusu Catherine na yakawafaa wasomaji. Julai 2025, alipowatembelea wagonjwa na wahudumu katika hospitali ya Colchester, alizungumzia kipindi kinachofuata baada ya matibabu, jinsi mtu anavyojikaza wakati wa tiba, kisha tiba inapoisha kila mmoja anatarajia arudi kama zamani ilhali mwenyewe hawezi. Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja ambaye asingeitikia kwa kichwa kusikia maneno hayo. Vidole vinavyokufa ganzi hadi kifungo cha shati kikawa kazi, uchovu usiokwisha kwa usingizi, chakula kinachonuka chuma, hofu ya kila kipimo kinachokaribia, hayo yote huendelea wakati ndugu wameshafanya dua ya shukrani na kutawanyika. Habari hiyo mliipita, mkaja kutoa kurasa mbili kwa rangi ya nywele.

Ninachoomba si kwamba msiandike kamwe kuhusu afya ya watu mashuhuri. Mwenyewe akisema, andikeni aliyoyasema. Akinyamaza kuhusu jambo fulani, kunyamaza kwake kusigeuzwe fumbo la kushindaniwa na wasomaji. Na ile kura ambayo hadi jana asubuhi ilikuwa bado ikipokea majibu, ifungwe, na mahali pake muombe daktari wa saratani awaeleze wasomaji kwa nusu ukurasa ni dawa zipi huondoa nywele na zipi haziondoi, nywele huanza kurudi baada ya muda gani, na mgonjwa afanye nini ngozi ya kichwa inapouma. Kama nafasi ya picha itabaki, mwekeeni mchoro wa shina la nywele.

Muuguzi mstaafu,
Tanga