Mtandao wa watafiti na waokoaji uwe mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Tangu meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, uokozi katika bahari yetu huzungumzwa kwa hesabu ya boti na majaketi ya kuokolea. Vyote vyahitajika, ila boti haitoki bandarini mpaka mtu apate njia ya kuita.

Kusini mwa California, Marekani, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilianzisha mwaka 2000 mtandao wa redio uitwao HPWREN, unaopeleka data kutoka kilele hadi kilele. Uliwekwa kwa ajili ya sayansi: darubini ya Palomar, vipima tetemeko na vituo vya ikolojia vilivyo mbali na miji. Baadaye minara hiyohiyo ikabeba kamera ambazo wazimamoto huzitumia kuona moshi wa msituni ungali mchanga. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa ni kuwa yupo mtu anayeuhitaji kila siku: data ikikatika usiku, asubuhi mtafiti hulalamika na fundi akapanda mlimani. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya maafa pekee hukaa stoo hadi betri ikafa, na siku ya siku hata ufunguo haujulikani uko kwa nani.

Pemba hatuna milima ya namna hiyo, na kuivuka bahari hadi Unguja, masafa ya kilomita 50 hivi, kwataka minara ya makumi ya mita pande zote mbili kwa sababu ya mviringo wa dunia. Tuanze basi na masafa mafupi, kutoka kisiwa kidogo cha Misali hadi Wesha, karibu na Chake Chake. Vipimajoto vya baharini vinavyofungwa kwenye miamba mara nyingi husubiri mzamiaji avifuate, na habari ya matumbawe kupauka, kama ilivyotokea mwaka 1998, huweza kufika yakiwa yameshakufa. Mnara mdogo wa umeme wa jua ungeleta vipimo vya joto kila saa, na kituo chake cha redio kingepokea wito wa mvuvi aliyeharibikiwa na mashine wakati wa kusi, mradi naye awe na redio ya mkononi.

Naiomba Serikali, inapotoa vibali vya utafiti wa baharini, iweke sharti kwamba minara ya watafiti ipokee pia redio za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo na kuokoa baharini, na za wavuvi, na ieleze mapema nani atalipia betri mradi ukimalizika.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba