Mkono mtupu wa waipa ni hatari kwa kioo

Mhariri,

Mvua zikikaribia madereva hukumbushwa kukagua waipa, na ukumbusho huishia hapo. Kazi yenyewe ya kubadilisha bleidi, yaani mpira wa waipa pamoja na fremu yake, ni ya robo saa, haihitaji gereji wala spana. Ila kuna kosa moja dogo linalowagharimu watu kioo kizima, na hilo halisemwi.

Mkono wa waipa una springi kali pale unapokunjika, karibu na boneti. Ndiyo inayokandamiza mpira kwenye kioo. Ukishaitoa bleidi, kinachobaki nchani ni chuma kitupu, na mkono uliosimama haujafungwa na chochote. Ukiguswa kwa kiwiko, au upepo ukiusukuma, hufyatuka na kukipiga kioo. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki katikati, hivyo hakimwagiki vipande. Hupata ufa, nao ufa hutambaa. Kwa hiyo kunja taulo nene, ulitandike juu ya kioo chini ya mkono kabla hujabofya chochote. Wala usiache mkono umesimama huku umeenda dukani na bleidi kuukuu kama sampuli. Pima kwanza, nunua, ndipo ufungue.

Pima bleidi kutoka ncha hadi ncha, kila upande peke yake, kwa sababu mara nyingi ya dereva ni ndefu kuliko ya abiria: inchi 24 kwa 18, au 26 kwa 16. Ukipima kwa sentimita, gawanya kwa 2.54. Bleidi iliyozidi urefu hugongana na mwenzake au hugonga ukingo wa kioo. Iliyopungua huacha ukanda usiofutwa. Tazama pia ncha ya mkono. Iliyozoeleka zaidi ni ndoano iliyopinda, lakini kuna mikono ya pini ya ubavuni na ya kitufe. Bleidi nyingi mpya huja na adapta kadhaa za plastiki. Tumia inayolingana na mkono wako, usichonge isiyolingana.

Kwenye magari ambayo waipa hulala chini ya ukingo wa boneti, mkono hauinuki wote. Usilazimishe, utakwaruza rangi. Mengi ya magari hayo yana namna ya kuipandisha: unazima swichi ya gari, kisha papo hapo unasukuma kijiti cha waipa, na mikono inapanda na kusimama. Utaratibu kamili umo kwenye kitabu cha gari.

Kwa mkono wa ndoano, inua mkono, geuza bleidi ikae mshazari, kisha bofya kilimi cha plastiki kilicho kwenye kiungo. Ukiwa umekibofya, sukuma bleidi kuelekea shina la mkono, yaani chini, mpaka itoke kwenye mkunjo wa ndoano. Wengi huvuta kwenda juu, na ndiyo maana hushindwa. Kufunga ni kinyume chake: pitisha ndoano kwenye tundu, vuta bleidi kwenda juu mpaka usikie mlio, kisha ijaribu kwa kuivuta. Maliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili, ili uliobaki uwe kielelezo. Ile nati iliyo kwenye shina la mkono, chini ya kofia ya plastiki, haihusiki kabisa. Ukiilegeza mkono unaweza kuhama meno yake na waipa zikaanza kulala mahali pasipo pake.

Halafu kuna kile kifuniko chembamba cha plastiki kinacholinda ukingo wa mpira mpya. Kitoe. Kuna magari yanayotembea nacho, na mwenye gari analalamika kwamba amenunua bleidi feki.

Ikiwa bleidi ni ya fremu ya chuma na fremu bado imenyooka, waweza kubadilisha mpira peke yake. Zile fito mbili nyembamba za chuma zitoe kwenye mpira wa zamani, uzirudishe kwenye mpya vilevile zilivyokaa, mapengo yake yakitazama mpira na mpindo wake ukielekea kioo. Ukizigeuza, mpira hautagusa kioo sawasawa, na patabaki mahali pasipofutwa.

Bleidi mpya ikiacha michirizi, usikimbilie kuirudisha dukani. Mara nyingi kioo kina utando wa mafuta au nta. Kisugue kwa spiriti na kitambaa safi. Mstari mmoja mwembamba usiohama huonyesha mchanga au mkato kwenye mpira. Waipa ikifuta vizuri ikienda na kurukaruka ikirudi, mkono umepinda: mpira unapaswa kusimama wima juu ya kioo ili ukingo wake uweze kulala upande huu na ule kila unapogeuka. Hapo bleidi ya bei yoyote haitasaidia, mpaka mkono unyooshwe au ubadilishwe.

Mpira wenyewe futa kwa kitambaa chenye maji tu. Petroli na dizeli huufurisha, ukaharibika. Na unapojaribu kazi yako, mwaga maji kwenye kioo kwanza, kwa sababu vumbi kavu chini ya mpira hukwaruza kioo.

Wako,
Fundi wa magari