Kiharusi sio presha tu, moyo nao uangaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma sana. Mimi ni baharia mstaafu, mzaliwa wa Ngamiani hapahapa Tanga, na huku kwetu mtu akipooza upande mmoja tunasema presha hiyo, kama hana presha basi ni upepo mbaya, ndo tunaanza kuhangaika na makombe.

Zamani melini nilikua na mpishi mmoja Mbrazili, mtu wa Minas Gerais, presha hana, sukari hana, sigara havuti. Asubuhi moja anakata vitunguu kisu kikamponyoka, akainama akiokote mkono haufungi, kuinua uso mdomo umeshaenda upande na maneno yanatoka hayaeleweki. Tulipofika bandarini madaktari wakampima wakasema ana Chagas. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia hilo jina.

Nikaanza kuulizia na kusoma. Kumbe vimelea vyake ni ndugu wa vile vya malale, ila malale ya kwetu inaletwa na mbung'o, hii ya Amerika ya Kusini na ya Kati inaletwa na mdudu kama kunguni mkubwa anaejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, usiku anatoka anafyonza damu mara nyingi usoni halafu anakunya palepale, mtu akijikuna usingizini kashaviingiza mwenyewe vile vimelea vilivyomo kwenye kinyesi. Daktari Carlos Chagas ndo aliyeugundua mwaka 1909, hukohuko Minas Gerais kwa rafiki yangu. Wenye ugonjwa huu wanakadiriwa kufika milioni 6 na zaidi na wengi hawajijui, kwasababu mtu anaweza kukaa nao miaka 20 au 30 yuko mzima tu, kumbe kati ya kila wagonjwa 10, hadi watatu moyo wao unaharibika polepole.

Hapo ndo kiharusi kinapoingia. Msuli wa moyo unachoka, kwenye ncha panavimba kama kifuko, damu ikituama mle inaganda, siku hiyo bonge linachomoka linapanda ubongoni. Kwahiyo wataalamu wa Brazil hawaishii kwenye presha, wanaangalia moyo unasukuma vipi, kile kifuko kipo au hakipo, kipimo cha umeme wa moyo kina kasoro gani, na umri kama umevuka miaka 48. Mapigo yakiwa yanaenda ovyo, au bonge limeshaonekana humo ndani, hatari inakua kubwa zaidi na mgonjwa anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kabla hajaanguka. Presha, sukari na sigara navyo vinaongeza, sijasema vipuuzwe.

Sasa Mhariri, najua Chagas sio ugonjwa wa huku. Ila shangazi yangu alianguka alfajiri akitia udhu, kopo la maji bado analo mkononi, na miezi yote ya nyuma alikua anatuambia "moyo unanirukaruka wanangu". Tulimpeleka zahanati wakampima presha wakasema iko sawa tukarudi nyumbani, hakuna aliyemshika mshipa wa mkono hata nusu dakika. Baada ya kupooza ndo hospitali wakagundua mapigo yake hayana mpangilio na bonge lilitoka moyoni, yaani njia ileile ya yule mpishi japo ugonjwa mwingine kabisa. Na sisi ndugu tulishampotezea siku mbili nzima tukimnywesha kombe na huku kumeza kwenyewe hawezi, anapaliwa.

Ombi langu kwa wahusika wa afya mkoani, mtu mzima akija kupimwa presha ashikwe na mapigo, yakiwa hayaendi sawa apelekwe akapigwe kipimo cha moyo. Na sisi majumbani, uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea, itafutwe bajaji saa hiyohiyo hospitali, mgonjwa asipewe kitu mdomoni. Shangazi yupo hai, anatumia mkono wa kushoto, na jina langu bado hajaweza kulitamka.

Baharia mstaafu,
Ngamiani, Tanga