Barua ya wazi kwa mjomba: jani la mhindi likikuchapa jichoni, usilale nalo

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia mmeanza kuvuna. Naiweka barua hii hadharani kwa sababu najua wajomba wengi wana mazoea kama yako: jani la mhindi likikuchapa jichoni unanawa, unafumba, unasema kesho litatulia.

Jambo hili limeshafanyiwa utafiti, tena kwa wanavijiji wa Bhaktapur, Nepal. Kwa miaka 2, Dk. Madan Upadhyay na wenzake waliwatumia wahudumu wa vijijini kuwapeleka walioumia macho kwenye vituo vya uchunguzi. Huko wanaweka rangi ya njano jichoni, wanamulika kwa tochi ya mwanga wa buluu, na mchubuko ambao hukuuona hata kwenye kioo unang'aa kijani. Aliyekutwa nao alipakwa dawa ya tyubu ya kloramfenikoli, inayoua bakteria, mara 3 kwa siku, siku 3. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Watu 284 walianza dawa ndani ya saa 18 tangu waumie, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Wengine 49 walifika siku nzima imeshapita. 14 kati yao walipata.

Dawa waliyopewa ni hiyohiyo moja, Mjomba. Hawa walichelewa tu.

Na kidonda chenyewe si cha mchezo. Majani na mabua hubeba fangasi, na fangasi akishaingia kwenye kioo cha jicho, matone ya kuua bakteria hayamgusi. Anahitaji dawa yake. Jaribio kubwa la India, lililotolewa mwaka 2013, lilinganisha dawa mbili za fangasi, likaonyesha natamaisini inafanya kazi vizuri kuliko vorikonazoli, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiingiza natamaisini kwenye orodha ya dawa muhimu. Hata hivyo huku kwetu kuipata bado ni shida. Na ukiipata, mwanzoni unaweka tone kila saa, kisha unaendelea kwa wiki kadhaa, na ukipona huenda likabaki kovu jeupe katikati ya jicho.

Watafiti wa Moshi na wa Mbarara, Uganda, wanasimulia yaleyale: wagonjwa wanafika wamechelewa, na wapo walioshaweka dawa za kienyeji. Nakuomba sana, usikamulie majani jichoni, wala usiweke maziwa. Na usinunue matone dukani bila kupimwa. Unamkumbuka yule mama jirani yetu? Aliuziwa matone yenye steroidi, wekundu ukapungua, maumivu yakatulia, akarudi shambani akijua amepona. Steroidi huzuia mwili kupigana, kwa hiyo fangasi aliendelea kula taratibu. Nilikasirika sana siku ile na hadi leo sijatulia.

Ukiumia, nenda siku hiyohiyo kituo cha afya, umwambie mhudumu wazi kwamba ni jani, na ni saa ngapi limekuchapa. Kama hawana ile rangi ya kupimia, omba rufaa ya kwenda kliniki ya macho wala usikubali kuambiwa urudi wiki ijayo. Miwani ya kuvunia nitakutumia kwa basi Jumamosi. Nauli ya hospitali isikuzuie, nipigie hata usiku wa manane, nitaituma kwa simu papo hapo.

Msalimie shangazi.